Fizi Zisizotoka Damu

Fundi makochi alitema msumari, likatoka jino.

Mwanzoni hakutambua. Alikuwa ameinama juu ya kochi la watu watatu, shavu la kushoto limejaa vimisumari kama kawaida yake, na ulimi ukichagua mmoja mmoja, ukiugeuza na kuusukuma hadi kwenye midomo, nyundo yenye sumaku iudake na kuugonga mahali pake. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na hivyo ndivyo alivyofanya kazi tangu ujana wake. Kushoto misumari, kulia sigara, na mkono wala haupumziki. Wapita njia walikuwa wakisimama mlangoni kumtazama, naye alijua wanamtazama, akawa anaongeza mwendo. Sasa nyundo ikakataa kudaka. Akaangalia chini akaona kitu juu ya kitambaa cha kijani, cheupe kichwani, cha njano mguuni, kirefu kuliko alivyodhani meno huwa marefu. Hakikuwa na hata tone la damu.

Bahati mbaya haiji peke yake. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuwa amesimama hapo hapo, amekuja kukubaliana juu ya viti vya ukumbi vya kupigwa kitambaa kipya. Kazi kama ile fundi alikuwa hajaipata muda mrefu.

"Fundi, nini hicho?"

"Gundi, mwalimu. Gundi iliyokauka." Akakifunika kwa kiganja.

Mwalimu mkuu alirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, akamalizia mazungumzo yake ameelekeza uso barabarani kama mtu anayengoja gari. Kazi ya viti alimwachia, hilo ni kweli, kwa maana kazi ya fundi ilikuwa haina mpinzani pale mtaani. Lakini fundi alibaki akijiuliza ni lini mara ya mwisho mteja alizungumza naye ana kwa ana bila kugeuza pua. Hakukumbuka, na kutokumbuka kule kukamchoma.

Mdogo wake, ambaye watu walimwita Kasuku kwa kuwa kinywa chake hakikuwa na likizo, alingoja mteja atoke ndipo akaangua kicheko.

"Kaka, umerudi utotoni! Litupe juu ya paa uote jipya!"

"Funga domo."

"Sasa unanuna nini? Limeuma?"

"Halijauma."

"Limetoka damu?"

"Halijatoka."

"Basi mshukuru Mungu. Wenzako wanalipa kung'olewa, wewe umehudumiwa bure." Akawasha sigara mbili, akampa kaka yake moja, nao wakavuta, karakana ikajaa wingu.

*

Nyumbani mkewe alikuwa kwenye cherehani. Yeye ndiye aliyeshona mifuko ya mito na foronya za makochi yote ambayo mumewe aliyapigilia misumari. Sebule ilikuwa ndiyo chumba chake cha kazi, na pazia lake, lililokuwa jeupe liliponunuliwa, sasa lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Kila jioni mume alikaa kwenye kiti cha pembeni akivuta na kumsimulia habari za mchana, mke akikanyaga pedali na kukohoa kidogo katikati ya habari. Walikuwa watu wanaopendana, tena sana, na watoto wao walishaondoka kwenda kutafuta maisha.

Alimtengea chakula, kisha akakaa kumtazama anavyokula. Mume akaisukuma nyama pembeni ya sahani, akachovya mkate kwenye mchuzi mpaka ukalegea, akaumeza bila kutafuna.

"Nionyeshe," mke akasema.

"Nikuonyeshe nini?"

"Hicho unachokizungushia ulimi tangu umeingia."

"Hakuna kitu."

"Mume wangu, nimeolewa na wewe, sikuolewa na ukuta. Fungua kinywa."

Alifungua kama mtoto aliyekamatwa na sukari. Mke akaliona pengo. Kisha akaosha mkono, akaingiza kidole gumba na cha shahada, akalishika jino lililo jirani na pengo. Likaenda mbele, likarudi nyuma.

"Usilitikise!" mume akasema kwa shida.

"Silitikisi. Linacheza lenyewe."

"Ni uzee."

"Uzee gani? Babu yako alizikwa na meno yake yote. Hizi sigara ndizo zinazokumaliza."

Fundi akainua kidole. Hapo alikuwa na hoja yake, tena hoja aliyoiamini kama dini. "Sikiliza, mama watoto. Mtu mwenye ugonjwa wa fizi anatoka damu, kila mtu anajua. Mimi tangu nizaliwe sijatoa damu kinywani. Fizi zangu ni chuma. Moshi umezikausha, zimekuwa ngumu kama ngozi iliyobanikwa."

"Chuma gani kinachotema meno?"

Fundi akatafuta kiberiti.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," mke akasema.

"Kifo kwa ajili ya jino?"

"Leo jino. Kesho asubuhi tunakwenda hospitali, na usiniletee habari za viti vya mwalimu."

*

Walikwenda, lakini fundi alimwambia mkewe abaki kwenye benchi la nje. Hakutaka aone anavyoaibishwa. Mke alikunja uso, akakaa.

Daktari wa meno alikuwa binti wa umri wa binti zake, mwenye mikono midogo na haraka ya mtu aliye na foleni ndefu mlangoni.

"Unavuta, mzee?"

"Kidogo."

Daktari akautazama mkono wa fundi, vidole viwili vilivyogeuka rangi ya kutu. "Kidogo hicho ni cha tangu lini?"

"Tangu kabla hujazaliwa, mwanangu."

Akamlaza kwenye kiti, akachukua kijiti chembamba cha chuma chenye mistari kama rula, akakiingiza taratibu kati ya jino na ufizi. Kilizama. Akaenda jino la pili, kikazama. Fundi alitamani kumwambia habari ya damu, kwamba fizi zake hazina tatizo, lakini kinywa kilikuwa kimejaa kioo, kijiti na vidole vya mtu. Daktari akamshikisha kioo cha mkononi.

"Meno yako mazuri, mzee. Hayana hata tundu moja. Shida ni kwamba hayana pa kusimama. Mfupa unaoyashika umeliwa huku chini."

Fundi alielewa mara moja, pengine kuliko wagonjwa wote waliowahi kulala pale. "Kitambaa kizima," akasema, "mbao imeliwa na mchwa."

Daktari akacheka. "Ndivyo hasa. Mimi nitaua mchwa, lakini wewe uache kuwalisha. Hili linalocheza leo linatoka, halina budi. Mengine ya mbele yanaweza kubaki ukiacha sigara. Si kupunguza, kuacha. Nafasi ya kukusafisha chini ya fizi ipo baada ya wiki tatu, foleni ndiyo hiyo unaiona. Nikikusafisha huku unavuta, kidonda hakiponi vizuri na meno yataendelea kulegea."

"Na nisipoacha?"

"Utakuja tena na tena mpaka nisiwe na cha kung'oa."

Akapigwa sindano ya ganzi, jino likatoka kirahisi kama msumari kwenye mbao iliyooza, akatiwa pamba, akapewa maelezo ya kupiga mswaki ambayo aliyasikia nusu. Daktari alimkataza pia kuweka misumari kinywani. Alipotoka nje, mkewe alisimama.

"Amesemaje?"

Akajibu kwa pamba, midomo imekufa ganzi. "Naaha higaha."

"Unaacha sigara?"

Akatikisa kichwa kukubali. Macho yake yalikuwa makavu na makali, na mke, aliyemjua, aliona kwamba safari hii si maneno.

*

Kuacha ni neno fupi. Ingia ndani yake ndipo utajua urefu wake.

Siku za kwanza mkono wake ulipanda sikioni peke yake, mahali alipozoea kuchomeka sigara ya akiba, ukakuta nywele. Aligombana na nyundo, na mikasi, na mteja aliyeuliza kochi lake kwa upole tu. Alitokwa jasho hata penye kivuli. Bila misumari kinywani kazi ilikwenda kwa kuchechemea. Ilimbidi ainame kwenye kopo, achague, ainuke, agonge, ainame tena, na kidole gumba kikagongwa mara zisizo na idadi.

Mkewe alikuja karakana siku moja kuleta foronya, akasimama kumtazama. Akavuta kigoda, akakaa upande wa kushoto wa mumewe, akachota vimisumari kiganjani, akaanza kumpa mmoja mmoja, kichwa mbele. Siku ya kwanza walipishana, msumari ukaanguka, wakalaumiana. Siku ya pili mkono wa mke ukawa umejua mwendo wa nyundo. Tangu hapo alihamishia cherehani pale pale karakana. Akimaliza kushona anashika kopo la misumari.

"Shemeji umekuja kulinda mfungwa?" Kasuku akasema, sigara mdomoni.

"Nimekuja kufanya kazi. Wewe ulikuja kufanya nini?"

Watu wakacheka. Kule mtaani wakaanza kusema fundi amewekewa mlinzi, kwamba siku hizi hata msumari anapewa na mke. Aliyasikia yote. Kila alipoyasikia aliiminya midomo yake juu ya pengo akaendelea kugonga. Viti vya mwalimu vikaanza kupangwa ukutani, kimoja baada ya kingine, na kila kiti kilichokamilika alikihesabu kuwa ni sigara aliyoikataa. Hakumwambia mtu hesabu hiyo, maana ni ya kitoto. Ilimsaidia.

*

Asubuhi moja, wiki ya pili ikiwa inakaribia kwisha, fundi alipiga mswaki, akatema, na karai likawa jekundu.

Akasukutua. Akatema tena, nyekundu. Akabonyeza ufizi kwa kidole, kidole kikatoka na damu. Alisimama pale uani akilitazama karai kwa hofu ambayo jino lenyewe halikumpa. Kinywa ambacho maisha yake yote kilikuwa kikavu kama mfuko wa turubai sasa kilikuwa kinachuruzika, na kitu kimoja tu kilikuwa kimebadilika.

Mkewe alitokea nyuma yake. Aliona karai kabla hajalimwaga.

"Tangu lini?"

"Leo."

"Usinidanganye."

"Tangu juzi. Leo imezidi."

Kasuku, aliyekuwa amepitia kumchukua kaka yake waende kazini, hakusubiri kualikwa. "Mnaona sasa? Moshi ulikuwa umezikaza fizi. Mnakwenda kumwondolea mtu dawa ambayo mwili umeizoea, mnategemea nini? Shemeji, utamuua kaka yangu kwa wema."

"Toka hapa!" fundi akasema.

Kasuku akatoka, lakini maneno yake yalibaki. Mke alisimama ameshika shavu. Yeye ndiye aliyesukuma, yeye ndiye aliyekaa kwenye kigoda kama askari, na sasa mume wake anatema damu asubuhi kwa asubuhi. Akajifunga nguo kiunoni, akatoka bila kusema aendako. Aliporudi alifumbua kiganja. Ndani yake palikuwa na sigara moja, ile ile aina anayoivuta, imelowa jasho kidogo.

"Chukua," akasema. Machozi yalikuwa yanamlenga. "Mwenye duka ameniuliza kama nimeanza. Nimemwambia ndiyo, nimeanza. Chukua, mume wangu, mimi nilikosea. Heri uwe na mapengo kuliko kuishiwa damu."

Hakuna aliyewahi kumpa fundi kitu kitamu na kichungu kwa mpigo kama hiki. Huyu ndiye mwanamke aliyechukia sigara tangu arusi yao, na leo amedhalilika dukani ili amletee. Aliichukua. Akainusa tumbaku yake. Kidole gumba kikaizungusha mara moja, mara mbili, kikitambua unene wake. Kiberiti kilikuwa jikoni, hatua chache.

"Vuta," mke akasema. "Mbona huvuti?"

Fundi akatazama karai, akatazama sigara, akaitia mfuko wa shati.

"Tumpelekee daktari," akasema. "Mimi sijasomea fizi, wewe hujasomea, Kasuku ndiyo kabisa. Akisema nivute, nitaivutia hapo hapo mlangoni pake ili apate harufu yake. Ila sitaivuta kwa kubahatisha. Nimeteseka mno kuja kushindwa kwa kubahatisha."

"Leo si siku yetu. Atatufukuza."

"Atufukuze akishanitazama."

*

Foleni ilikuwa ndefu na karani alikuwa mkali. Waliambiwa wakae, wakakaa. Waliambiwa hawamo kwenye orodha, wakasema wanajua. Asubuhi nzima ile sigara ilikaa mfukoni juu ya moyo wake, na kila mtu aliyepita akinuka tumbaku alimfanya ameze mate. Mara mbili alisimama akatazama mlango wa nje. Mara zote mbili alikaa mwenyewe, bila kushikwa.

Daktari alipotoka kunyoosha mgongo akamwona. "Mzee, siku yako si wiki ijayo?"

"Natoka damu, binti yangu."

Akaitwa ndani. Safari hii alimshika mkewe mkono wakaingia wote wawili. Daktari akamwinamia, akaleta taa karibu, akabonyeza hapa na pale, na alipoinuka uso wake ulikuwa na tabasamu ambalo fundi hakulielewa kabisa.

"Umeacha kweli," akasema.

"Nimeacha! Ndiyo maana natoka damu!"

"Ndiyo maana, umesema kweli. Zilikuwa hazitoki damu zamani?"

"Hata tone. Nilikuwa nataka kukwambia siku ile, ukanijaza vyuma kinywani."

Daktari akakaa kwenye kiti chake cha magurudumu. "Basi kosa ni langu, ningekueleza mapema. Ufizi ukiugua unavimba, unatoka damu. Ndiyo njia yake ya kuomba msaada. Sasa moshi unavibana vile vishipa vyembamba, damu haifiki vizuri. Ugonjwa unakula mfupa chini kwa chini, juu kunaonekana kumetulia. Umeugua miaka yote hii bila kupigiwa kelele. Umeacha, damu imerudi, kelele zimeanza. Hukuanza kuugua wiki hii, mzee. Wiki hii umeanza kusikia."

Fundi aliinuka akakaa. Miaka yote alijivunia ukimya ule wa fizi. Alijigamba nao mbele ya watu, akautumia kumshinda mkewe kwenye kila ubishi. Akatoa sigara mfukoni, akaiweka kwenye sinia la pamba zilizotumika.

"Nivute au nisivute, ndilo nililokuja kuuliza. Nimeshajibiwa."

"Nikisafisha itapungua, kisha itakoma. Mfupa uliokwisha haurudi, nisikudanganye. Lakini uliobaki tunaweza kuushika." Daktari akaangalia saa. "Nina nafasi ya mtu mmoja kabla ya mchana. Tusingoje wiki ijayo. Lala nianze."

Mkewe alivuta pumzi ndefu, akacheka kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. "Afadhali. Mimi nilishaogopa bure. Ningejua damu si kitu, mbona mimi natoka kila siku nikipiga mswaki, mwaka wa ngapi huu, na wala sisemi."

Mikono ya daktari ikasimama.

"Unatoka damu, mama?"

"Kidogo tu. Ni kawaida yangu. Huyu hunicheka, ananiambia nina fizi za kitoto."

"Njoo karibu na taa. Fungua."

Alifungua akiwa amesimama, nusu akitabasamu. Kile kijiti chenye mistari kikaingia kando ya gego, kikazama. Kikaenda la pili. Fundi, aliyekuwa amelala kwenye kiti, akainuka kwa kiwiko. Hakuhitaji kuelezwa mistari ile ina maana gani. Alishaona kwenye kioo cha mkononi.

"Mama, wewe unavuta?" daktari akauliza.

"Mimi? Hata siku moja."

"Umewahi kusafishwa meno?"

"Nani asafishwe, mimi? Meno yangu hayajawahi kuuma."

"Kutosafishwa nako ni sababu moja," daktari akasema polepole, kama anayepima maneno. "Lakini nyumbani je? Huwa unakaa na mtu anayevuta, mlango umefungwa?"

Mke alikuwa hapendi kumsema mumewe mbele ya watu, hata leo. Akaanza kusema kwamba dirisha lipo, kwamba pazia lenyewe jepesi.

"Anavuta, daktari," fundi akasema. Sauti yake ilikwaruza. "Tangu siku niliyomuoa anavuta. Mimi nilikuwa namshikia sigara tu."

Mke akamgeukia, akamshika mkono.

Fundi akashusha miguu sakafuni. Akaondoka kwenye kiti, akakipangusa kwa kiganja kama anavyopangusa kochi la mteja kabla ya kumkabidhi.

"Kaa, mama watoto."

"Wewe ndiye mgonjwa! Ugonjwa wako ndio mzito, si umesikia? Mimi nitapanga siku nyingine."

"Daktari, tatizo la kwake linatengenezeka?"

"La kwake bado mapema. Akisafishwa sasa, na asikae tena kwenye moshi, hatapoteza hata jino moja. Lakini mzee, hiyo ndiyo nafasi pekee leo. Wewe itabidi ungoje siku yako. Utaweza kungoja bila kuvuta, na hiyo damu?"

"Nitangoja."

Alisema neno moja tu na wala hakulipamba. Akamshika mkewe mabega, akamkalisha, akamlegezea fundo la kitambaa kichwani apate kulala vizuri. Daktari akavaa glavu mpya, akamwambia fundi kwa adabu kwamba anaweza kwenda kungoja nje kwenye benchi, kazi hii si nzuri kutazama.

Fundi akakataa. Akavuta kigoda upande wa kushoto wa kiti, akakaa, akasema anataka kuona.